Neno Nililolifuta Kwenye Daftari la Inzi

Zuhura mwanangu,

Umekwenda Buguruni kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hakuachii mpaka ule ushibe. Basi nimepata alasiri nzima peke yangu. Baba yako yuko uani anapiga randa mguu wa kitanda cha watu, begi lako limeshafungwa, nami nimekaa mezani na kalamu. Mambo ya sweta, ya pasi ya kusafiria, ya kula na kuswali kwa wakati nimeyasema wiki nzima hadi umeyachoka. Siyarudii. Kuna mambo mawili nimekuficha, na yote mawili yana neno moja ndani yake.

La kwanza ni hili. Kabla ya baba yako niliolewa na mtu mwingine, huko Chanika.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mume mwenyewe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kumsikiliza mama yake tu. Mwaka wa kwanza mama mkwe alinichemshia mizizi nikanywa. Mwaka wa tatu akaacha kuniita kwa jina. Mwaka wa sita, tukiwa uani na wanawake waliokuja kutusaidia kumenya mihogo, alisema bila hata kuinua uso, "Nyumba hii imefuga tasa." Mume wangu alikuwa pale pale anafunga mzigo kwenye baiskeli. Aliendelea kufunga.

Nilirudishwa kwetu na sanduku langu. Nakuandikia haya bila machozi, yamekwisha zamani. Kilichobaki ni hasira, tena hasira ya kitu kimoja: hakuna aliyetazama. Sikupelekwa zahanati, hakuitwa mkunga, na yule mwanamume naye hakupimwa. Walitazama tumbo kwa nje wakajua kila kitu.

Baadaye akaja seremala kutoka Lindi kutengeneza milango ya madrasa ya kwetu. Niliposhangaa kwamba ananitaka, nikamweleza wazi watu wanachosema juu yangu. Akasema yeye ameona mbao nyingi zilizoitwa mbovu na watu wasiojua kupasua. Mwaka haukwisha ukazaliwa wewe. Nikataka nikufunge mgongoni nikakupitishe mbele ya ile nyumba, taratibu, kwenda na kurudi. Bibi yako akanikataza. Alisema mtoto si ushahidi wa kupeleka barazani. Nikamtii, lakini mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi.

Sasa la pili, na hili ndilo linaloniuma, kwa kuwa kosa ni langu.

Unajua nilifanya kazi chuoni. Unachokijua ni kwamba nilikuwa mhudumu wa maabara, nikapunguzwa kazi pamoja na wengine, nikaja nyumbani na inzi. Sijawahi kukueleza kilichotokea hapo katikati.

Niliingia pale na ufagio. Darasa la saba langu halikutosha kwa zaidi ya hapo. Kilikuwapo chumba kimoja cha inzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva, wanaotumika kuwafundishia wanafunzi mambo ya urithi. Mpishi wao alipoacha kazi nikashika mwiko mie. Uji wa mahindi, sukari guru, hamira, unaumimina wa moto kwenye chupa, ukipoa unatia inzi na kuziba na pamba. Joto la Machi huwaharibu madume wasizae, kwa hiyo nikawa nawawekea chupa ndani ya mitungi iliyofungwa magunia mabichi. Hilo sikufundishwa, nililibuni. Siku zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na sukari ikaonekana tena madukani, inzi wangu walinenepa kuliko watu.

Mwalimu mwenye chumba tulimwita Dokta tu. Alikuwa mtu mpole, mwenye subira. Aliponiona natenganisha majike na madume kwa macho tu, bila kioo, akaniketisha kwenye darubini ya mezani. Akanifundisha kumpasua jike kwa sindano mbili na kumtoa mfuko wa mayai. Mwanangu, siku ile ya kwanza nilisahau kula. Mfuko umekaa kama chane la ndizi, na kila ndizi ni uzi wa shanga. Nchani kabisa seli ndogo, kisha shanga zinakua, zinakua, mpaka mwishoni yai zima. Maisha yote yamepangwa pale kwa foleni.

Mwaka mmoja mgeni alileta kasha la inzi kutoka nje. Chupa moja ilikuwa na mstari mwekundu. Katika ukoo wa chupa hiyo baadhi ya majike hawazai kabisa, na ukoo unaendelezwa na ndugu zao wanaozaa, ambao wamebeba kasoro hiyo bila kuonekana. Ubavuni mwa chupa paliandikwa kwamba majike hao ni tasa. Dokta akanipa kazi rahisi: niwapasue, nithibitishe kwamba mifuko yao ni mitupu, niandike daftarini.

Nilimpasua wa kwanza. Haukuwa mtupu.

Ulikuwa umejaa. Umejaa hadi kutuna, seli ndogo tupu, maelfu, zote sura moja, zile zile za nchani. Hakuna hata moja iliyokuwa shanga, hakuna yai. Kama foleni ambayo kila anayefika anasimama pale pale mlangoni haingii. Nikampasua wa pili, wa tatu, mpaka sita. Wote hivyo hivyo. Nikaandika kwa mkono wangu: "Imejaa. Seli ndogo, zote sawa."

Kesho yake Dokta akafungua daftari.

"Mama Zuhura, umeandika nini hapa?"

"Nilichokiona, Dokta."

Akasema hao ni tasa, na mfuko wa tasa hauna kitu, kwa hiyo nilichoona ni uchafu wa maji, au macho yalichoka. Nikamwambia nimetazama sita. Hapo akaniuliza, kwa upole kabisa, kazi hii nimeisomea wapi. Hakukusudia kunitukana. Laiti angenitukana, ningejua la kufanya. Upole ule ulinikuta sina ngao.

"Andika tupu," akasema.

Nikachukua rula. Nikapiga mstari juu ya neno langu, umenyooka vizuri, nikaandika pembeni: TUPU. Kisha nikaliandika pia kwenye karatasi ya chupa ile.

Nimejitetea sana moyoni miaka yote hii. Nimesema niliogopa kurudishwa kwenye ufagio, nimesema ulikuwa na miaka kumi na moja na unahitaji viatu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kweli yenyewe ni kwamba mtu aliyesoma alisema, nami nikaliamini neno lake kuliko jicho langu. Mie, niliyefukuzwa nyumba ya watu kwa neno tasa, nililithibitisha kwa mkono wangu juu ya viumbe waliojaa mpaka kutuna. Mama mkwe yule angalau hakutazama. Mie nilitazama.

Na kosa halikai peke yake, huzaa. Miaka ikapita, likaja punguzo la wafanyakazi. Majina yakabandikwa ubaoni, langu la nne. Chumba cha inzi kikakodishwa kwa watu wa kupiga chapa na fotokopi, nasi tukaambiwa chupa zote zimwagiwe maji ya moto kabla ya Ijumaa. Nikachemsha maji kama nilivyoagizwa. Kisha nikatia majani ya chai, nikakaa nikanywa vikombe viwili, nikatazama zile chupa. Miaka yote ile nimewapikia, leo niwachemshe? Nani kasema?

Kikapu changu kiliingia chupa kumi na mbili. Ilibidi nichague. Nilizipitia moja moja nikisoma karatasi zake, nikafika kwenye chupa ya ule mstari mwekundu, nikaona pameandikwa kwa mwandiko wangu: tupu. Nikairudisha rafuni. Niliwaacha pale, Zuhura. Walimwagiwa maji kesho yake. Nilidanganywa na neno langu mwenyewe.

Daftari nililichukua. Nililiweka chini kabisa, juu nikatandaza mchicha. Mlinzi wa getini akauliza nimebeba nini. Nikachoka kusema uongo, nikamjibu ni inzi.

"Inzi wa nini, mama?"

"Wa kufuga."

Alicheka akashika bomba la geti. Akaniambia nipite, na Mungu anipe nafuu.

Yaliyofuata hapa Mbagala unayakumbuka. Baba yako alikuta chupa zimejaa meza, hakuniuliza kitu, akapima ukuta na kesho yake akaniwekea rafu ya mninga. Majirani wakasema nafuga majini chupani. Wateja wa vitumbua nilivyoanza kuuza wakapotea, wakasema hamira yangu inalisha inzi kwanza, watu baadaye. Na kweli ilikuwa hamira moja! Niliwaambia mwenye kinyaa asile. Balozi wa nyumba kumi alipokuja na wazee wawili kunitaka niwatupe, nilimkalisha, nikampa kile kioo cha kukuzia, nikamwambia atazame kwanza halafu ahukumu. Alitazama muda mrefu. Mwisho akauliza mbona huyu ana macho meupe na wenzake mekundu. Wewe ndiye uliyemjibu, ukiwa na sare ya shule, ukamweleza mambo ya babu na bibi wa inzi mpaka wazee wakasahau walichokuja kufanya. Siku ile nilijua utakwenda mbali. Vilevile nilijua kwamba mie, mwenye ulimi mrefu namna ile kwa balozi, mbele ya Dokta sikuwa na ulimi.

Nikanyamaza. Ukaendelea kusoma. Mpaka mwaka jana, siku ile ya kunde.

Ulirudi kutoka chuoni umewaka. Ulisema mmeonyeshwa kazi mpya kabisa ya watu wa nje juu ya mfuko wa mayai wa inzi, nawe unataka kuisomea. Ukapanga kunde ukingoni mwa sahani ili nielewe. Ukasema kule nchani kuna seli mama, mnaziita seli shina, nazo hazijikalii tu. Zimeegemea majirani, seli za aina nyingine ambazo haziwi mayai kamwe, na majirani hao hutoa ujumbe, kitu kidogo kinachopenya kutoka kwao, kinachoiambia seli mama isibadilike, ibaki ilivyo. Ujumbe ule haufiki mbali. Seli mama ikigawanyika, mtoto mmoja anabaki ubavuni mwa jirani anausikia, mwingine anasogezwa hatua moja tu, hausikii tena, ndipo anaanza safari ya kuwa yai. Ujumbe ukikosekana, wote huondoka, na baada ya muda mfuko unabaki mtupu kweli. Ujumbe ukizidi, au yule aliyesogea akiwa na kasoro inayomzuia kubadilika, basi wanarundikana.

Ukasukuma kunde zote pamoja. Ukasema, "Mama, mfuko unajaa seli ndogo, zote sawa, hakuna yai hata moja. Zamani wangeita tasa tu, wakapita."

Nikainuka nikaenda jikoni. Ulidhani sikuelewa. Ukanifuata, ukaanza upya, polepole, kwa maneno mepesi kama unamfundisha mtoto. Nilikuwa nimekupa mgongo nakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Nisamehe kwa ukimya ule. Nilielewa tangu kunde ya kwanza. Nilikuwa nimeiona miaka kumi na zaidi kabla hujanionyesha, kwa jicho langu, nikapiga mstari juu yake kwa rula.

Na kabla hujaanza, usije ukanigeuza mfano. Najua vijana mliosoma mnavyopenda. Seli mama, mtoto anayesogea hatua moja, sijui ujumbe hausikiki tena. Mie si seli, nawe huendi kuwa yai. Mie ni Mwajuma, nilikosea kazi yangu, na ninakueleza nilivyokosea.

Wiki ile ile nilitoa daftari nikaenda Kinondoni, nyumbani kwa Dokta. Amestaafu, ana kuku wachache na sukari inamsumbua miguu. Alifurahi kuniona. Mkewe akaleta chai. Nikamwekea daftari mapajani, nikafungua ule ukurasa, nikamweleza uliyonieleza wewe. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na nilimwona anasoma neno lililo chini ya mstari wangu, siyo lile la pembeni.

"Nilitazama, Mama Zuhura," akasema. "Siku ile ile, ulipokwenda nyumbani. Nilimpasua mmoja. Ulikuwa umejaa."

Niliweka kikombe chini ili kisinidondoke. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema taarifa ya awali alikuwa ameshaituma kwa wale walioleta kasha, na ndani yake alishaandika kwamba mifuko ni mitupu, kwa jinsi alivyodhania, kabla hata sijagusa sindano. Kuandika tena kwamba alikosea, na kwamba aliyeona ni mhudumu, hakuweza. Akasema aliona aibu, kisha siku zikapita, kisha aibu ikawa ya kuona aibu.

Zuhura, nilikwenda pale nikiwa nimejibebesha mzigo wote. Nikakuta tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa anajua. Nilitaka nimwagie ile chai. Sikumwagia, lakini sikumsamehe pia, na usije ukadhani mama yako ni mtakatifu.

Nikamwambia tusahihishe. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wenzetu wa nje wameshaliona hilo kwa vyombo vyao na kuliandika vitabuni, kwa hiyo daftari la chumba kilichofungwa halitamsaidia mtu.

"Litanisaidia mie," nikamwambia.

Nikatoa kalamu. Nilipiga mstari juu ya TUPU, bila rula safari hii, haukunyooka. Nikaandika: "Imejaa. Nilitazama sita." Nikatia jina langu kamili, Mwajuma binti Salum, na tarehe ya siku ile, siyo ya zamani, kwa sababu sitaki kujidai sikuchelewa. Kisha nikamgeuzia daftari nikamtaka atie sahihi kwamba naye aliona. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika. Dokta akamtazama mkewe. Halafu akatia. Akanisindikiza mpaka nje kwa fimbo yake, na pale barabarani akaniuliza wewe unakwenda kusomea nini hasa. Nikamwambia. Akageuza uso.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwisha. Hakuna gazeti lililoandika, hakuna aliyenirudishia kazi, na wale wa mstari mwekundu hawafufuki. Lakini tangu siku ile nalala vizuri.

Daftari sikupi. Najua utalitaka ukisoma haya. Ni langu, nimelihangaikia, litakaa rafuni hapa hapa. Wewe utajaza la kwako. Ninachokutaka ni kitu kimoja tu, nacho si ushauri, ni ombi la mtu aliyeshindwa. Siku moja utakuwa umekaa kwenye darubini, na mtu mwenye jina kubwa, mwenye adabu zake, atakwambia hukuona ulichoona. Huenda atakuwa sahihi. Tazama tena basi, tazama mara sita, mara sitini. Ukikuta amekosea, usiinuke kwenye kiti hicho mpaka naye aje akae atazame. Akikataa, andika hivyo hivyo, na uandike kwamba alikataa. Wakikuita mkaidi, umerithi.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye jina, atatokea mfagiaji akakwambia ameona kitu. Mwanangu, siku hiyo ndiyo nitakayokuuliza.

Baba yako mdogo alipita asubuhi. Amenituma nikuandikie kwamba usizidishe miaka mitatu, kwamba mwanamke akikaa ugenini muda mrefu huchakaa, na kwamba kuna kijana wa Ukonga bado anakuulizia. Amesema, nimefikisha. Mie sikupi muda. Kaa mpaka uone ulichokwenda kukitazama. Ukitaka kurudi, mlango unaujua. Ukitaka kukaa, kaa, na yeyote wa ukoo atakayefungua mdomo atanikuta mie.

Kesho pale uwanja wa ndege watalia wote, shangazi yako ataanza kabla hata hatujashuka kwenye gari. Waache walie, ni haki yao. Mie nitasimama kwenye uzio mpaka ndege ipotee kabisa. Kisha nitarudi nyumbani mchana kweupe, nisipike, nilale kitandani kwako na viatu vyangu miguuni, na asitokee mtu wa kuniuliza kwa nini.

Mamako,
Mwajuma binti Salum